Sarafu za Shaba za Roma ya Kale na Sura za Makaisari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudiwa na watu wanaoanza kuzifahamu sarafu hizi: wanafunzi wa historia, waumini waliosoma habari za Kaisari kwenye Injili, na wale walioletewa sarafu moja na ndugu aliye Ulaya wakabaki wanaigeuzageuza. Yanaanza na ya msingi na kwenda kwenye yenye utata. Kama sarafu iko mkononi mwako na siki iko mezani, nenda kwanza swali la 16.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema sarafu ya shaba ya Kirumi, tunasema madini gani?

Neno "shaba" kwa Kiswahili limebeba mengi, lakini mafundi wa Roma walitofautisha. Augustus, ndiye Kaisari Augusto wa Injili, alizipanga upya sarafu karibu na mwaka 23 K.K. Sarafu kubwa akazifanya za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na ndogo za shaba nyekundu tupu. Bronzi, ambayo ni shaba na bati, mara nyingi pamoja na madini ya risasi, ilishika nafasi zaidi katika karne za baadaye. Wakusanyaji huziita zote "za shaba" ili kuzitenga na dhahabu na fedha, nasi tutafanya hivyo.

Kubwa ilikuwa sestersi (*sestertius*), yenye gramu 25 hivi. Nusu yake ni dupondi (*dupondius*), nusu ya dupondi ni asi (*as*), na robo ya asi ni kwadransi (*quadrans*). Sestersi nne zilifanya dinari moja ya fedha, na dinari 25 zilifanya sarafu moja ya dhahabu.

2. Kwa nini tuhangaike na shaba wakati dhahabu na fedha zipo?

Kwa sababu shaba ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu. Dhahabu ilikaa kwa wenye nacho. Shaba ilinunua mkate na dagaa, na kwadransi moja ilikuwa ada ya kuingia bafu la umma. Huko Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., ukuta mmoja una tangazo la kilabu: kwa asi moja utakunywa, kwa mbili utakunywa kilicho bora, kwa nne utakunywa divai ya Falernum.

Sasa mfikirie mchuuzi wa samaki huko Karthago, katika Tunisia ya leo. Hajawahi kufika Roma wala hatafika. Sanamu ya kaisari imesimama uwanjani, lakini sura inayoingia naye hadi jikoni ni ile iliyo kwenye chenji. Kaisari akifa na mwingine kutawazwa, habari hiyo inamfikia ikiwa na uso, jina na vyeo. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani ya sarafu hizi, na ndiyo maana naomba usomaji wa picha utangulie swali la bei.

3. Zilitengenezwaje?

Kwa nyundo na mkono. Kipande cha duara kilimiminwa kwenye kalibu, kikapashwa moto, kikawekwa juu ya chapa ya chini iliyokazwa kwenye fuawe. Fundi aliweka chapa ya pili juu yake na kupiga. Chapa zenyewe zilichongwa kinyume, kama muhuri, moja baada ya nyingine. Ndiyo sababu sura imeegemea upande, herufi zimekatika ukingoni, na kaisari yule yule ana pua tofauti kidogo kwenye kila chapa. Kasoro za namna hiyo ni dalili njema (tazama swali la 18).

## Kusoma maandishi

4. Herufi zinazozunguka kichwa zinasema nini?

Ni vyeo vya mtawala, vimefupishwa ili vienee. Chukua sestersi ya Vespasianus ya mwaka 71 B.K.: IMP CAES VESPASIAN AVG P M TR P P P COS III.

IMP ni *Imperator*, heshima ambayo awali askari walimpa jemadari wao akishinda vita, kisha ikawa kama jina la kwanza la mtawala. CAES ni Caesar, jina la ukoo lililogeuka cheo, nasi tunalo mpaka leo: Kaisari. AVG ni *Augustus*, mtukufu. P M ni *Pontifex Maximus*, kuhani mkuu. TR P ni mamlaka ya mtetezi wa watu wa kawaida. P P ni *Pater Patriae*, Baba wa Taifa, cheo ambacho Mtanzania hahitaji kuelezwa uzito wake. COS III maana yake amekuwa konsuli, cheo cha juu cha utawala, mara ya tatu.

Utaona pia kwamba U inaandikwa V. Kama kwenu kuna sanduku la babu lenye shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye simba iliyoanza kutolewa mwaka 1921, itazame upande wa kichwa: GEORGIVS V REX ET IND:IMP:. Kabla yake, rupia ya Wajerumani ya mwaka 1890 ilimwita Wilhelm II IMPERATOR. Watawala wa kikoloni waliazima lugha ya sarafu za Roma, wakaileta hadi kwenye mifuko ya watu wa Tanga na Mombasa.

5. Nitajuaje mwaka?

Tafuta tarakimu baada ya TR P na COS. Mamlaka ya TR P yalihesabiwa upya kila mwaka, kwa hiyo TR P X ni mwaka wa kumi wa mamlaka hayo. COS hairuki kila mwaka, kwa hiyo peke yake hukupa kipindi tu, si mwaka kamili.

6. S C kubwa mgongoni ni nini?

*Senatus Consulto*, kwa azimio la Seneti. Ni alama ya kawaida ya shaba za Roma hadi karne ya 3, na kwenye dhahabu na fedha ni nadra. Wataalamu wanabishana kama Seneti kweli iliamua chochote kuhusu sarafu. Naegemea upande wa wanaoiona kama heshima: kaisari aliwaachia wazee wa Seneti herufi mbili, akabaki na uso.

7. Mbona kichwa kimoja kina majani na kingine kina miiba?

Ile si miiba, ni miale ya jua. Tangu enzi ya Nero, taji la miale kwa kawaida lilionyesha dupondi, na taji la majani ya laureli lilionyesha asi. Zilipokuwa mpya, moja iling'aa manjano na nyingine nyekundu. Leo zote zimeiva kijani au kahawia, na taji ndilo linalokuokoa.

## Sura na picha

8. Je, makaisari walifanana kweli na sura zao?

Inategemea nani alitaka aonekaneje. Augustus alifariki mwaka 14 B.K. akiwa na miaka 75, lakini kwenye sarafu hakuzeeka. Alibaki kijana mtulivu mpaka mwisho. Nero aliacha chapa zimfuate: anaanza mvulana mwembamba, kisha shingo inanenepa, kidevu kinakuwa viwili, nywele zinapangwa mawimbi. Vespasianus anaonekana kama mzee wa shamba, kipara na makunyanzi, naye alitaka hivyo hivyo, kwa kuwa alimfuata Nero na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Uso wa mtu aliyechoka kufanya kazi ulikuwa ahadi.

Hadrianus ndiye kaisari wa kwanza kufuga ndevu kamili, na baada yake ndevu zikawa desturi kwa karibu miaka mia moja. Mwisho wa karne ya 3 mambo yanageuka: Diocletianus na watawala wenzake watatu wana vichwa vya mraba na shingo nene, wanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Hapo sura haimwonyeshi mtu, inaonyesha umoja wa wanne.

9. Wanawake wapo?

Wapo, na wengi. Mwaka 37 B.K. Caligula alitoa sestersi yenye dada zake watatu mgongoni, Agrippina, Drusilla na Julia, kila mmoja na jina lake. Faustina, mke wa Antoninus Pius, alifariki mwaka 140, na mumewe aliendelea kwa miaka mingi kutoa sarafu zake zenye maneno DIVA FAVSTINA, yaani Faustina aliyeingizwa miongoni mwa miungu. Sarafu zake za baada ya kifo ni nyingi mno. Sera ilikuwemo, lakini siwezi kuzitazama bila kuona pia mjane wa kiume asiyetaka jina lipotee.

10. Upande wa mgongo ulichaguliwa vipi?

Ulikuwa ubao wa matangazo. Nero alionyesha bandari ya Ostia kutoka juu, meli zimejaa ndani, kwa sababu nafaka ya Roma ilipita huko na njaa mjini ilikuwa hatari kwa kiti chake. Titus alionyesha uwanja mkubwa tunaouita Colosseum, mwaka 80 au 81, watazamaji wakiwa vijidoa vidogo vidogo kwenye ngazi. Kwingineko ni mwanamke aliyesimama na kitu mkononi: mwenye mizani ni Haki au Usawa, mwenye pembe iliyojaa matunda ni Neema, mwenye tawi la mzeituni ni Amani. Jifunze vitu vya mkononi kwanza, kwa kuwa maandishi hufutika mapema.

11. Yule mwanamke anayelia chini ya mtende ni nani?

Ni Uyahudi. Yerusalemu ilianguka mwaka 70 B.K. mikononi mwa Titus, mwana wa Vespasianus, na hekalu likachomwa. Mwaka uliofuata zikatoka sestersi zenye maneno IVDAEA CAPTA, Uyahudi imetekwa. Katikati umesimama mtende wenye makole ya tende. Upande mmoja ameketi mwanamke, kichwa kimeinama, mkono shavuni. Upande wa pili amesimama mateka aliyefungwa mikono, au kaisari mwenyewe na mkuki wake.

Watu huniuliza kama picha hii ni nzuri. Uchongaji ni wa hali ya juu, na ndiyo maana inauma: fundi ametumia ustadi wote kuchora msiba wa watu wengine kama burudani ya mshindi. Baada ya maelfu ya wafu, taifa zima limefanywa mwanamke mmoja kimya, akapita sokoni akinunua mboga. Roma ilirudia mtindo huo kwa wengine pia. Britannia aliyeketi kwa huzuni yumo kwenye asi za Antoninus Pius za mwaka 154 na 155, na karne nyingi baadaye Waingereza wakamchukua huyo huyo, wakamwinua kichwa, wakamweka kwenye sarafu zao kama fahari.

12. Afrika inaonekana?

Inaonekana sana, lakini kumbuka "Africa" ya Roma ilikuwa jimbo la kaskazini: Tunisia ya leo na sehemu za Libya na Algeria. Kwenye sarafu za Hadrianus yeye ni mwanamke mwenye kofia ya ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umejitokeza juu ya paji la uso. Wakati mwingine ameshika nge na pembe ya neema. Kwenye sestersi ya RESTITVTORI AFRICAE amepiga goti, na kaisari anamwinua kwa mkono. Hadrianus alilitembelea jimbo hilo mwaka 128, na wasifu wake ulioandikwa baadaye unasimulia kwamba alipofika mvua ilinyesha baada ya ukame wa miaka mitano. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini angalia nani amesimama na nani amepiga magoti.

Misri ina picha zake: mto Nile kama mzee aliyejiegemeza, na mamba na kiboko karibu naye. Mamba mwingine yuko mbali zaidi, kwenye sarafu za Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Amefungwa mnyororo kwenye mtende, akimaanisha Misri iliyotekwa na Augustus, na Nîmes bado wanamtumia mamba huyo kama nembo ya mji. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 3, Karthago ilipata karakana yake ya sarafu, na huko mama Karthago anasimama wima, matunda mikono yote miwili.

Na aliyezaliwa Afrika alikaa pia upande wa kichwa. Septimius Severus, kaisari kuanzia 193 hadi 211, alitoka Leptis Magna, Libya ya leo.

13. Sarafu yangu ina vichwa viwili, kimoja kimekwanguliwa. Imeharibiwa na nani?

Huenda ni serikali. Severus aliacha wana wawili, Caracalla na Geta. Mwisho wa mwaka 211 Caracalla alimuua mdogo wake, kisha akaamuru jina na sura yake vifutwe kila mahali. Huko Stratonikeia, katika Uturuki ya leo, zipo sarafu za shaba ambapo ndugu hao walitazamana. Uso wa Geta umepigwa patasi, na wa Caracalla umebaki. Ukiona pengo laini lenye umbo la kichwa, karibu na kichwa kizima, hiyo ni hukumu. Uchakavu wa kawaida hula pande zote.

## Karne za mwisho na majirani

14. Mbona sarafu za karne ya 4 ni ndogo na nyingi hivyo?

Thamani ilianguka. Katika karne ya 3 sarafu iliyoitwa ya fedha ilizidi kutiwa shaba hadi fedha ikabaki utando. Mnamo 294 Diocletianus alianza upya kwa sarafu ya shaba ya gramu 10 hivi, ambayo wakusanyaji wanaiita folisi. Ilisinyaa haraka. Constantinus alipofariki mwaka 337, ilikuwa chini ya gramu 2, na mgongoni mna askari wawili wadogo na maneno GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Kwenye folisi za enzi hiyo kwa jumla, chini ya mstari ulio miguuni mwa picha kuna alama ya karakana: PLON ni London, ALE ni Alexandria, PTR ni Trier.

Wingi wake ni wa ajabu. Mwaka 2010 huko Frome, Uingereza, chungu kimoja kilichimbuliwa kikiwa na sarafu 52,503, nyingi zikiwa za nusu ya pili ya karne ya 3. Neno folisi nalo halikufa. Lilipita kwa Wagiriki wa Konstantinopoli, Waarabu wakasema *fals*, kwa wingi *fulus*, nasi pwani tukapata fulusi. Dinari ilisafiri njia hiyo hiyo.

15. Ile sarafu ya "ya Kaisari mpeni Kaisari" ilikuwa ya shaba? Na je, sarafu hizi zilifika pwani yetu?

Ya Kaisari ilikuwa dinari, yaani fedha, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ya Tiberius. Ya shaba ni ya mjane: Marko anaandika kwamba aliweka lepta mbili, akawaeleza wasomaji wake kuwa ni sawa na kwadransi moja (tazama swali la 1).

Kuhusu pwani, Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1 ulioandikwa kwa Kigiriki, inaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Inaorodhesha kilicholetwa: mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo; kilichotoka kilikuwa pembe za ndovu na za kifaru na magamba ya kasa. Sarafu haimo kwenye orodha hiyo. Huko Adulis, Bahari ya Shamu, shaba ya manjano iliingia kwa ajili ya mapambo, na watu waliikata vipande vya kutumia kama fedha. Aksum, ufalme wa Ethiopia na Eritrea ya leo, walianza kufua sarafu zao wenyewe katika karne ya 3, baadhi za shaba zikiwa zimetiwa dhahabu kuzunguka kichwa cha mfalme. Masultani wa Kilwa walifua shaba bila sura kabisa: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zina vina kama beti. Kwa msomaji aliyekulia kwenye mashairi, hapo pana utajiri kuliko kwenye vichwa vyote vya Roma.

## Kushika, kununua, na hali zisizo za kawaida

16. Niisafishe?

Usiing'arishe. Najua sinia la shaba nyumbani husuguliwa kwa ndimu na majivu likawaka. Kwa sarafu ya kale ndimu, siki na dawa za kung'arisha shaba ni sumu. Ile ngozi ya kijani au kahawia imejengeka kwa karne nyingi, na mara nyingi mistari ya sura imebaki ndani ya ngozi hiyo. Ukiiondoa, umeondoa uso.

Kama kuna udongo tu, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari (si tindikali), ubadilishe maji kila siku chache, kisha utoe udongo taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Ukisikia unakwangua kitu kigumu, acha.

17. Imetoa unga wa kijani mpauko. Ndiyo hiyo ngozi?

Hapana, huo ni ugonjwa wa shaba. Chumvi iliyojificha ndani inakutana na unyevu na kuila sarafu mpaka ishe. Ngozi nzuri ni ngumu na laini. Ugonjwa ni vumbi linalorudi ukilifuta. Iweke peke yake kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uwatafute wahifadhi wa makumbusho. Hewa ya Zanzibar au Lamu ni mbaya sana kwa sarafu iliyoanza kuugua.

18. Nitaijuaje bandia?

Angalia ukingo: mstari wa mshono unaozunguka unaonyesha imemiminwa, haikupigwa. Angalia uso kwa kioo cha kukuzia: vitundu kama vya povu ni alama hiyo hiyo. Pima uzito. Zikiwa mbili zinazofanana mpaka mkwaruzo, angalau moja ni bandia, na huenda zote.

Historia nayo inasaidia. Otho alitawala miezi mitatu tu, mwaka 69, na karakana ya Roma haikumtolea shaba. Ukiuziwa sestersi yake ya Roma, umeuziwa uongo. Baadhi ya uongo huo ni wa zamani: Giovanni da Cavino wa Padua alitengeneza sestersi za kuiga katika karne ya 16, kwa ustadi ambao leo unazifanya zikusanywe kwa jina lake.

19. Nikiokota sarafu ya kale shambani, ni yangu?

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Toa taarifa kwa mamlaka, na usiichimbue zaidi. Mahali na kina ilipolala vinasema zaidi ya sarafu yenyewe, na havirudi vikishavurugwa. Ukinunua kutoka nje, dai karatasi za kuonyesha ilikotoka. Muuzaji asiye nazo, mwache.

20. Nimepata nusu sarafu, imekatwa katikati. Ni takataka?

Ilikatwa makusudi. Enzi ya Augustus, chenji ndogo ilipokosekana, watu walikata asi kwa patasi ili wapate nusu asi. Zile za mamba wa Nîmes (swali la 12) zilikatwa sana: nusu moja ikabaki na mkia, nyingine na kichwa.

21. Na hii yenye kichwa kile kile pande zote mbili, lakini upande mmoja kimezama ndani?

Sarafu iliyotangulia ilinasa kwenye chapa ya juu bila fundi kuona. Akaweka kipande kipya, akapiga, na ile iliyonasa ikakanyaga sura yake juu ya mpya, kinyume na kwa kuzama. Weka kidole ndani ya shimo la uso huo: kaisari ameingia kwenye shaba kama unyayo kwenye matope, pua ikiwa ndiyo kina kirefu kuliko vyote.